NANI ATALIPA DENI LA DUKA?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Wengi wetu, tukiisha kupokea kiinua mgongo, hufungua duka au mashine ya kusaga. Wengine hawangoji kustaafu, bali hutia fedha zao katika biashara ya ndugu au jirani. Na hata asiye na biashara hufuatwa na wafanya biashara ili awadhamini, maana mshahara wake wajulikana. Maswali ya sheria tuulizanayo ni mengi, lakini tukiyachungua twaona asili yake ni moja: biashara ikianguka, nani atalipa? Nitajibu kwa kufuata sheria za Tanzania Bara.

Swali la kwanza ni hili: "Nimekwisha kuandikisha jina la biashara, je, mali yangu nyingine i salama?" La. Kuandikisha jina kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA, ni kuujulisha umma kuwa mwenye jina lile ni wewe. Hakuzai mtu mwingine machoni pa sheria, wala leseni haifanyi hivyo. Duka na mwenye duka ni kitu kimoja. Mdai akishinda kesi, na bidhaa za dukani zisipotosha, aweza kuiomba mahakama ikamate gari lako au mali nyingine isiyokingwa na sheria.

Kampuni ni jambo lingine. Mwaka 1892 mtengeneza viatu wa London, Aron Salomon, aliigeuza biashara yake kuwa kampuni, naye akashika hisa 20,001 katika hisa 20,007. Kampuni ilipoanguka, mfilisi alitaka Salomon mwenyewe alipe madeni. Mwaka 1896 Baraza la Malodi la Uingereza liliamua kuwa kampuni ni mtu mbali naye, hata kama karibu hisa zote ni zake. Kanuni hiyo hufuatwa na mahakama zetu pia. Walakini yafaa kukumbuka kwamba benki, ikiikopesha kampuni ndogo, aghalabu humtaka mwenyewe atie sahihi kuwa mdhamini. Na akiisha kutia, ile kinga ameivua kwa mkono wake.

Swali la pili ni la ushirika. Tutwae mfano wa watu wawili wanaofungua duka pamoja bila hati yo yote, kwa kuwa ni marafiki tangu shuleni. Mmoja ametoa fedha nyingi, mwingine ametoa kazi. Mmoja akachukua shehena ya mchele kwa deni kwa ajili ya duka, na mwenzake hana habari. Je, mwenzake adaiwa? Naam, adaiwa, maana katika kazi za ushirika kila mshirika ni wakili wa mwenziwe. Mwenye mchele aweza kulipata deni zima katika mali ya mmoja wao, kisha ni juu ya huyo kumdai mwenzake sehemu yake. Na ikiwa hawakupatana namna nyingine, faida na hasara hugawanywa sawasawa, hata kama fedha walizotoa hazikulingana. Kwa hiyo hapana budi kuandika: nani ametoa nini, nani aruhusiwa kukopa, na mmoja akifariki itakuwaje. Kuandika si kumshuku rafiki, bali ni kuulinda urafiki.

Swali la tatu ni la dhamana. Watu wengi hudhani kuwa mdhamini ni shahidi tu wa tabia njema. Sivyo. Deni la mdhamini ni sawa na deni la mkopaji, ila mapatano yakisema vingine. Wala mdai halazimiki kumshitaki mkopaji kwanza. Lakini sheria haikumwacha mdhamini mikono mitupu. Akilipa, huzipata haki za mdai, naye aweza kumdai mkopaji fedha zake. Tena, mdai na mkopaji wakibadili mapatano bila idhini yake, hafungwi kwa yale yafuatayo mabadiliko hayo. Basi sharti mdhamini apate nakala ya mapatano na kuihifadhi.

Swali la nne ndilo linalowanyima watu usingizi: nyumba. Nyumba ambayo mdaiwa hukaa pamoja na jamaa yake hukingwa na Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai isikamatwe kwa hukumu ya deni la kawaida. Lakini kinga hiyo haimfai mtu aliyeiweka nyumba rehani kwa hiari yake. Hapo ndipo iingiapo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971: mume hawezi kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe, wala mke bila ridhaa ya mumewe. Basi yule aletewaye karatasi jioni, akaambiwa, "Tia sahihi hapa tu," na aombe kusomewa neno kwa neno. Ridhaa yake ni mlango wa mwisho wa nyumba ile.

Mwisho, wateja wanaotudai sisi tumekwisha kuwataja. Na wale tunaowadai je? Mapatano ya mdomo yana nguvu, lakini ni shida kuyathibitisha. Na wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tena, dai la mapatano lina muda wa miaka 6. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yenye sahihi yake kabla ya muda kwisha, hesabu ya miaka huanza upya. Kwa hiyo barua fupi ya kukiri deni yafaa kuliko ahadi kumi za barazani.

Mabibi na Mabwana, kazini hatutii sahihi katika jalada kabla ya kulisoma. Na tuwe vivyo hivyo katika mambo yetu wenyewe. Kabla ya kushika kalamu, kila mmoja ajiulize: nani atalipa? Asipopata jibu kwa dhahiri, na aiweke kalamu chini, aende kwa wakili.