Ladha ya Kahawa na Mahali Ilipolimwa: Hoja kutoka Milima ya Tarime

Ladha ya kahawa huanza kujengwa mtini. Tangu ua la mbuni wa arabika linyauke hadi tunda kuwa jekundu hupita miezi saba hadi tisa, na katika muda huo punje hujikusanyia sukari, asidi na mafuta ambayo baadaye moto wa kikaango huyageuza kuwa harufu. Penye joto kali tunda huwahi kuiva na punje hutoka nyepesi. Penye ubaridi tunda hujivuta, punje hukomaa ikiwa ngumu na nzito, na uchachu wake huwa mchangamfu. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 za Selsiasi kwa kila mita 100 za kupanda. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, mji wa Tarime uko karibu mita 1,500, na matuta yanayouzunguka hupanda zaidi ya hapo. Anayetoka Musoma ufukweni hadi kwenye shamba lililo mita 1,700 amepoteza zaidi ya nyuzi tatu za joto, na hizo zinatosha kubadili mwenendo mzima wa tunda.

Mgawanyo wa kahawa ya Tanzania unajulikana na hauhitaji kurudiwa kwa kirefu. Kagera ina hasa robusta ya vibanjani, ambayo Wahaya waliitafuna tangu kabla ya ukoloni. Kilimanjaro, Arusha na Meru zina arabika ya vihambani na ya mashamba makubwa. Mbozi, Rungwe na nchi ya Wamatengo kule Mbinga zina arabika ya kusini, inayotegemea msimu mmoja wa mvua. Kigoma ina yake. Mwishoni mwa orodha hutajwa Mara, ambako arabika hulimwa hasa Tarime, kisha maelezo hukatika. Mhadhara huu unashughulikia mkato huo, kwa sababu ukimya juu ya Tarime umezaa dhana mbili zinazopaswa kuvunjwa.

Dhana ya kwanza ni kwamba arabika ya Tanzania ni moja, na jina lake ni Kilimanjaro. Si maneno ya mitaani tu. Japani, kwa kanuni za wafanyabiashara wa kahawa wenyewe, jina “Kilimanjaro” linaruhusiwa kwa arabika yoyote ya Tanzania isipokuwa ile ya Bukoba, mkoani Kagera. Kwa kanuni hiyo, kahawa iliyochumwa Tarime, zaidi ya kilomita 300 kutoka mlimani, huuzwa kwa jina la mlima ambao mkulima wake huenda hajawahi kuuona. Shirika la Kimataifa la Kahawa nalo, katika hesabu zake za bei, huweka arabika za Tanzania, Kenya na Kolombia katika kundi moja.

Watetezi wa jina moja wana hoja: jina kubwa huvuta mnunuzi, na mnunuzi huleta bei. Kibiashara hoja hiyo ina uzito wake. Inapogeuzwa kuwa maelezo ya ladha, inaanguka. Kilimanjaro ni volkano changa kwa hesabu za miamba, na udongo wake umetokana na majivu na lava. Tarime imekaa juu ya itale na miamba ya kijani ya kale, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ile ile inayobeba dhahabu ya Nyamongo. Mvua za Kilimanjaro huletwa na pepo za Bahari ya Hindi zinazougonga mlima. Tarime huongezewa na mvua za ziwa, zinazojengeka mchana kwa unyevunyevu wa Victoria. Mahali pawili penye miamba tofauti na mvua zenye vyanzo tofauti hapawezi kudhaniwa kuwa na ladha moja bila mtu kuonja. Wala haifai kurukia upande wa pili na kudai kwamba udongo wa volkano ndio siri ya kahawa bora, maana kama ingekuwa hivyo, Tarime isingekuwa na arabika ya kutajwa. Udongo hulisha mti, na mti ulioshiba huzaa punje iliyojaa, lakini hakuna njia iliyo wazi inayopeleka ladha ya jiwe hadi kwenye kikombe. Joto, maji na aina ya mbuni vina ushahidi mzito zaidi.

Dhana ya pili ndiyo inayoudhi zaidi, kwa sababu huvaa sura ya sifa. Inasema kahawa ya Tarime ikiwa nzuri, basi ni ya Kenya iliyoangukia upande usio wake. Mtoa mhadhara huu amewahi kusimama kwenye meza ya waonjaji, vikombe vikiwa vimepangwa bila majina. Kimoja kilisifiwa kwa uchachu wake safi na kila aliyekionja akataja Kenya. Majina yalipofunuliwa kikawa cha Tarime, na jibu likawa kwamba ni kawaida, kwa kuwa mji wa Sirari, wilayani Tarime, uko mpakani na Kenya. Hakuna aliyeuliza kama mpaka unaweza kutia ladha.

Mpaka huo asili yake ni mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, yaliyochora mstari kutoka mto Umba hadi penye nyuzi moja kusini mwa Ikweta kwenye ufuko wa ziwa. Mstari uliwagawa Wakuria pande mbili. Mawingu haukuyagawa. Zaidi ya hayo, kinachoitwa ladha ya Kenya kina historia inayopaswa kusomwa kwa makini na kila anayeitumia kama kipimo.

Mwaka 1931 A. D. Trench, ofisa wa kahawa wa Maabara za Scott za Kabete, karibu na Nairobi, alizuru Tanganyika. Katika eneo la Monduli aliona mibuni iliyoonekana kustahimili ukame, magonjwa na wadudu. Mbegu zikachukuliwa hadi Kabete, ustahimilivu wa ukame ukathibitishwa, na mibuni hiyo ikapewa jina la Tanganyika isiyoshindwa na ukame. Mwaka 1935 mti mmoja ulichaguliwa katika kundi hilo, nao ndio chimbuko la SL28: herufi mbili ni za Scott Laboratories, na 28 ni namba ya uteuzi. SL28 ndio mbuni ambao waonjaji wa dunia nzima wanapoonja Kenya huusifu kwa uchachu wake unaokumbusha matunda ya blackcurrant. Habari hii inastahili kusomwa zaidi ya mara moja. Kipimo kinachotumiwa kuinyang’anya Tarime ladha yake kilitokana na mbegu ya Tanganyika. Kama ladha ingefuata uraia, sifa za SL28 zingerudi Monduli. Zimebaki Kenya kwa sababu huko mbegu hiyo ilipata miinuko inayoifaa na viwanda vya ushirika vinavyoosha kahawa kwa uangalifu mkubwa.

Viwanda hivyo ndivyo vinavyoleta pingamizi kali kwa hoja yoyote ya mahali: huenda mkono wa mtu una nguvu kuliko mlima. Baada ya tunda kumenywa, punje hubaki na ute, na ute huo huondolewa kwa kuvundika. Mkulima huchota punje chache tangini, huzisuuza na kuzisugua kiganjani. Zikiteleza, bado. Zikikwaruza na kulia kama changarawe, ute umeachia na kuosha kuanze. Akichelewa, kahawa hupata harufu ya siki. Kisha hufuata vichanja, kugeuzageuza na kufunika wakati wa jua kali na mvua, hadi unyevu ushuke kufikia takriban asilimia 11. Palipo mbali na mtambo wa kumenya, tunda likilala guniani usiku mmoja huanza kuchacha, na kazi ya miezi minane ya ubaridi hupotea.

Pingamizi hilo ni la kweli, lakini haliondoi mahali. Tangi nalo liko mahali fulani. Katika usiku wa baridi wa milimani ute huchukua saa nyingi zaidi kuachia kuliko penye joto, na mwenye kuhesabu saa za Moshi akiwa Tarime atakosea. Mahali hutoa pia kasoro zake: katika nchi za Maziwa Makuu, Rwanda na Burundi hasa, kuna ladha ya kiazi kibichi inayohusishwa na mdudu aitwaye antestia. Magonjwa nayo yana sehemu yake: chulebuni, inayoozesha matunda ya kahawa, iliripotiwa mara ya kwanza magharibi mwa Kenya mwaka 1922, na maradhi hayo pamoja na kutu ya majani ndiyo yaliyosukuma Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, yenye makao Lyamungu na kituo kidogo Sirari, kutoa aina chotara zinazostahimili. Mkulima anapong’oa mbuni wa aina ya zamani, kama N39, na kupanda chotara, ladha ya eneo hubadilika pia. Kwa hiyo ladha ya Tarime inatokana na mwinuko, mvua za ziwa, mbuni uliopandwa na mkono uliovundika, na hakuna kati ya hivyo kinachoweza kujulikana kutoka ofisi ya mbali.

Baada ya kupima yote, jambo moja linasimama: kahawa ya Tarime iuzwe kwa jina la Tarime. Ethiopia ilitafuta alama za biashara za majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe nchini Marekani kuanzia 2005, na mwaka 2007 Starbucks ikakubali kuyatambua. Ethiopia haikujificha nyuma ya jina moja la nchi. Kwa miaka mingi kahawa ya Tarime imevushwa mpaka kwa magendo, na kila gunia lililovuka limeongeza jina la wengine. AMCOS za Tarime, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, na chama kikuu chao, WAMACU, hazihitaji mlima mwingine ili kupata sifa. Zinahitaji kutenganisha kahawa kwa kijiji na kwa mwinuko tangu siku ya kuchuma, kuiweka mbali na ya maeneo mengine hadi mnadani, na kuionja kila msimu kwa waonjaji wake wenyewe. Hapo ndipo sifa za eneo zitakapoandikwa kwa ushahidi, na bei itakapomfuata aliyelima.