Sisimizi na Simba

Leo twende pamoja mpaka Laikipia, kaskazini-magharibi ya Mlima Kenya. Sehemu kubwa ya nchi ile ina udongo mweusi unaonata viatuni wakati wa mvua, na juu yake umeota mgunga mfupi wenye miiba mirefu. Penye miiba hiyo mna vinundu vyenye uwazi ndani, na upepo ukivuma hulia kama filimbi.

Humo ndani hukaa sisimizi. Mti huwapa nyumba na maji matamu, nao huulinda. Ndovu akiunyoshea mkonga, sisimizi humpanda na kumwuma ndani ya pua, naye, pamoja na ukubwa wake wote, huenda zake.

Basi, mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliingia huko sisimizi wa kigeni, wenye vichwa vikubwa. Hao huwaua wenyeji, na kula mayai na watoto wao, wala mti hawaulindi. Walipoingia wao, ndovu huvunja migunga mara tano hata saba kuliko mahali pengine. Palipokuwa kichaka pakawa uwanja.

Sasa mwangalieni simba. Yeye hana pumzi ya kufukuza pundamilia mbali. Kazi yake ni kuvizia, na pasipo kichaka atajificha wapi? Wataalamu waliochunguza jambo hili katika hifadhi ya Ol Pejeta walitoa habari zao mwaka 2024. Walikuta kwamba mahali wenyeji wangalipo, pundamilia waliweza kuuawa karibu mara tatu zaidi. Mwaka 2003, katika kila wanyama 100 waliouawa na simba, 67 walikuwa pundamilia. Kufika mwaka 2020 walikuwa 42. Nyati, ambao hapo kwanza hawakuwamo katika hesabu, nao wakawa 42. Simba hawakupungua, ila wamebadili windo, na nyati si mnyama wa kuchezewa: pembe zake zaweza kumwua simba.

Mfugaji mmoja aliniuliza baada ya ibada, "Mchungaji, Mungu alimwumba simba wa nini?" Alikuwa amepoteza ng'ombe wawili. Sikumpa hotuba ya migunga, maana mtu aliyepoteza karo ya watoto wake hatafuti somo la wanyama. Lakini swali lenyewe nimelichukua, kwa kuwa wengi tunaliuliza moyoni. Zaburi ya 104 humweka simba miongoni mwa viumbe wanaotazamia chakula kwa Mungu. Yeye ana usiku wake, na mwanadamu ana mchana wake wa kazi. Mwandishi hakusema kwamba wawili hao hawatagombana.

Tena windaji lina kazi ambayo hatuioni. Huko huko Laikipia, mwaka 2014, wachunguzi walieleza habari za swala pala. Swala huyu huogopa vichaka kwa sababu ya chui na mbwa mwitu wanaovizia humo. Kwa hiyo mgunga wenye miiba michache, anaoupenda sana, husitawi vichakani asikothubutu kuingia. Penye uwazi, ambako hula bila hofu, mgunga huo humalizwa, na unaobaki ni ule wenye miiba mingi. Kumbe hata mwiba unaokuchoma mguu malishoni, chui ana sehemu yake katika kuuweka pale! Mchungaji wa mbuzi hupita hapo kila siku akiulaani mti tu.

Tukimwondoa chui, basi, twabadili na miti. Tukimleta sisimizi, twabadili chakula cha simba. Nasema tukimleta, kwa sababu wageni wale wenye vichwa vikubwa hawakuenea duniani kwa nguvu zao wenyewe. Wamebebwa na watu, katika mizigo na katika udongo wa miche, na waliowabeba hawakujua.