Kuchagua Gari la Mbio Lililotumika



Kwa desturi mzee wa shule akisimama hapa huhubiri juu ya bidii, na vijana husinzia. Safari hii Klabu ya Sayansi imeniandikia barua ikitaka nieleze juu ya magari ya mbio ya Kijerumani, hasa yale yaliyokwisha tumika, kwa kuwa wamesikia bei zake huanguka hata mtu wa mshahara akayafikia. Nimekubali kwa furaha. Mwaka 2016 nilikuwa Stuttgart kwa mafunzo niliyopelekwa na wizara, na huko nikamkuta mwenzetu tuliyeketi naye dawati moja hapa shuleni. Yeye ni muuguzi. Alikuwa amejinyima miaka sita akaweka euro 24,000, na nyuma ya hizo hakuwa na akiba nyingine. Mkewe alimruhusu kwa sharti moja: gari lisije likala kodi ya nyumba.

Alikuwa na magari mawili moyoni, Porsche 911 na BMW M3, na akataka nimsaidie kuchagua.

Kwanza nieleze habari ya bei. Porsche 911 Carrera ya mwaka 1998, ilipokuwa mpya, iliuzwa kwa zaidi ya mark 130,000, yaani zaidi ya euro 66,000. Miaka kumi na minane baadaye uliweza kuipata kwa theluthi ya fedha hizo. Lakini spea hazikushuka bei pamoja na gari. Klachi, breki, rejeta na saa za fundi zilibaki zile zile za gari la euro 66,000. Hapo ndipo wengi huanguka, maana huhesabu fedha za kununulia na kusahau za kuwekea.

Sasa tuyatazame yenyewe. Hiyo 911 wajuzi huiita 996. Jina la 911 lina sifa tangu maonyesho ya Frankfurt ya mwaka 1963, na kwa zaidi ya miaka thelathini injini yake ilipozwa kwa hewa. Hii 996 ndiyo ya kwanza kupozwa kwa maji. Injini ya lita 3.4 imekaa nyuma kabisa, silinda sita zimelala, tatu huku na tatu huku, na nguvu za farasi 300. Ndani yake mna shafti ya kati inayozungusha minyororo ya kuendeshea kamshafti, na mwisho wa shafti hiyo kuna beringi moja ndogo iliyozibwa na grisi yake. Kizibo kikichakaa, oili huingia na kuiosha grisi. Beringi ikivunjika, mpango wa valvu huvurugika, valvu hukutana na pistoni, na injini nzima huwa chuma chakavu. Si kila gari lipatwalo na hayo. Mengi hutembea mpaka mwisho bila shida. Lakini jambo hilo lilifika mahakamani Marekani, na mwaka 2013 yakafanywa mapatano na wenye magari ya miaka 2001 hadi 2005. Ili kubadili beringi hiyo hapana budi gia na klachi zishuke, kwa hiyo mwenye akili huibadili siku klachi inapokwisha.

M3 ya mfululizo uitwao E46 ina injini ya lita 3.2, silinda sita zimesimama katika mstari, nguvu za farasi 343 kwa mizunguko 7,900 kwa dakika. Vijana, injini hiyo huimba! Lakini ina masharti. Hutaka oili nzito ya 10W-60, na haitaki kukimbizwa ikiwa baridi. Ndiyo sababu saa ya mizunguko ina taa ndogo zinazozimika moja moja kadiri oili inavyopata moto. Beringi za fimbo za pistoni katika magari ya mwanzo zilibadilishwa na kampuni yenyewe. Tena sakafu ya nyuma, pale fremu ya ekseli inapofungwa, huweza kupasuka, na dawa yake ni kuchomelea na kuongeza mabamba.

Tulikwenda kuiona M3 moja. Kijana aliyeiuza alikuwa mpole. Kitabu cha huduma kilikuwa na mihuri mpaka kilomita 90,000, kisha kimya. Saa ilisoma 158,000. Tairi zilikuwa za kampuni tatu mbalimbali. Kwenye kioo cha nyuma palikuwa na picha ya Nürburgring, njia ile ya kilomita 20.8 ambamo mtu yeyote hulipa kiingilio na kujipima. Tulipoomba gari liinuliwe tuone sakafu, akasema hana nafasi. Tukamwaga kwa heshima.

Ile 911 ilikuwa ya daktari wa meno mstaafu. Rangi ya mbele imedonolewa na mawe, viti vimepasuka, na zile taa ambazo Wajerumani huziita mayai ya kukaanga zimepauka. Lakini alileta faili nene: kila risiti, kila cheti cha ukaguzi wa TÜV, na ile beringi ilibadilishwa pamoja na klachi. Bei euro 22,500. Mwenzetu akaanza kutabasamu.

Nilimwambia gari ni zuri, naye asilinunue. Angebaki na euro 1,500, na breki tu zingeweza kuzimaliza. Nikamwonyesha Boxster S ya mwaka 2003, ndugu mdogo wa 911. Sehemu ya mbele ni ile ile, injini ya lita 3.2 iko katikati, nguvu za farasi 260. Ina beringi ile ile pia. Watu humcheka mwenye Boxster kwamba hakufikia 911; dharau hiyo ndiyo iliyoshusha bei, nami naona gari lenye injini katikati hupinda kona kwa utulivu zaidi. Mwenye faili kamili alitaka euro 12,000.

Mwenzetu alilala siku nne bila kunijibu. Siku ya tano akainunua. Mwezi wa kwanza akabadili beringi, klachi na tairi zote, na kodi ya nyumba ikalipwa kwa wakati.

Mmeuliza pia kama angeweza kulileta nyumbani. Kwa sheria ya Kenya, gari likizidi miaka minane tangu kuandikishwa mara ya kwanza haliingii, na kwa kawaida lenye usukani wa kushoto halikubaliwi. Limebaki Stuttgart. Mchoro wa injini yake nimeuleta, nimemkabidhi mwalimu wa fizikia.