Kihispania kwa Anayeanza Chuo Kikuu bila Msingi: Hoja ya Kukifundisha kwa Kiswahili



Mada yangu inamhusu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayejiandikisha kusoma Kihispania ilhali hajui zaidi ya salamu mbili tatu za lugha hiyo. Karibu wote tunaowapokea wako hivyo. Kifaransa kina mizizi katika baadhi ya sekondari zetu, Kiarabu kina madrasa, lakini Kihispania wengi wao hukikuta chuoni. Wanakikuta wakiwa watu wazima ambao tayari wanazungumza lugha mbili au tatu, Kiswahili kikiwemo. Hoja yangu ni kwamba tunawaelekeza kwa lugha isiyowafaa kwa kazi hii. Vitabu tunavyotumia viliandikwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiingereza, maelezo ya sarufi tunayatoa kwa Kiingereza, na hivyo tunawatwika wanafunzi wetu matatizo ya Mwingereza ambayo wao wenyewe hawana.

Sitachukua muda kueleza faida za lugha hii. Ni mojawapo ya lugha 6 rasmi za Umoja wa Mataifa, ni lugha rasmi ya Umoja wa Afrika sawa na Kiswahili, na hapa barani ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta. Kenya ilipopeleka madaktari wapatao 50 kusoma Cuba mwaka 2018, iliwabidi kwanza wajifunze lugha. Waongoza watalii wa Serengeti, Maasai Mara na Zanzibar nao wanajua thamani ya kumpokea mgeni wa Madrid au Buenos Aires kwa lugha yake.

Nianze na zoezi dogo la wiki za mwanzo. Mwanafunzi anatakiwa aeleze kwamba ana njaa. Anaandika "estoy hambre", kosa ambalo kila mwalimu hapa amelipigia mstari mwekundu mara nyingi. Amepita Kiingereza, ambako njaa ni sifa ya mtu, akatafuta kitenzi cha "kuwa". Angepita Kiswahili angesema "nina njaa", na Kihispania kinasema hivyo hivyo: "tengo hambre". Nina kiu ni "tengo sed", nina usingizi ni "tengo sueño", nina haraka ni "tengo prisa", nina miaka 20 ni "tengo veinte años". Kitabu cha kiada kinaiweka miundo hii katika kisanduku cha pembeni, chini ya kichwa kinachoonya kwamba ni misemo ya kukariri. Kwa Mwingereza ni ya kukariri kweli. Mwanafunzi wetu anaisema kila siku, nasi tunamwambia aikariri!

Ugonjwa nao ni hivyo. "Me duele la cabeza": kichwa kinaniuma. Kiima ni kichwa, na anayeumwa anaonekana kwa kiambishi tu kwa Kiswahili, kwa kijineno "me" kwa Kihispania. Mtu akiumwa macho, kitenzi kinafuata macho, "me duelen los ojos", kama sisi tunavyosema macho yananiuma. Kwa mpango huo huo, "me gusta el café" ni kahawa inanipendeza. Kitenzi hiki "gustar" ndicho kinachosumbua madarasa ya wanaoanza kuliko kingine chochote, kwa sababu mwanafunzi anaambiwa maana yake ni "kupenda", kisha anashangaa kwa nini kahawa imekuwa mtenda. Mwambie ni "kupendeza" na dakika tano zinatosha.

Tukiingia ndani ya kitenzi, mambo yanazidi kutupendelea. Mhispania hasemi "yo hablo" ila anapotaka kusisitiza, maana "hablo" peke yake imeshabeba nafsi, kama "nasema" ilivyoibeba. Tofauti ni kwamba sisi tunaitanguliza na wao wanaimalizia. Yambwa nayo hukaa kabla ya mzizi wa kitenzi kwetu na kabla ya kitenzi kwao: "te veo", nakuona. Aliyesoma yambwa katika sekondari za Tanzania, au shamirisho kipozi na kitondo katika zile za Kenya, tayari ana istilahi za kuelezea "te doy un libro", nakupa kitabu. Mahali Kihispania kinapomzidi ni pale kinaporuhusu yambwa mbili zifuatane, "te lo doy", jambo ambalo kitenzi chetu cha kawaida hakiruhusu. Hapo ndipo penye kazi, na hapo ndipo saa za darasani zinapostahili kutumika.

Sasa nije kwenye hali tegemezi, sura inayotisha zaidi katika vitabu vya Kihispania. Kwa kawaida huahirishwa hadi mwaka wa pili. Lakini hebu tazameni: "quiero que vengas", nataka uje. "Te pido que me ayudes", nakuomba unisaidie. Kitenzi cha pili kinabadili irabu ya mwisho kwa sababu ya matakwa yaliyo katika kitenzi cha kwanza. Kwa vitenzi vya Kihispania vyenye kiishio -ar, badiliko ni kutoka a kwenda e, sawasawa na letu: "habla" inakuwa "hable", kama "asema" inavyokuwa "aseme". Ulingano huo wa irabu ni wa bahati tu, lakini ni bahati njema kwa mwalimu. Naamini kabisa sura hii inaweza kufunguliwa katika muhula wa kwanza, kwa maombi, amri za adabu na matakwa.

Matamshi hayahitaji maneno mengi. Irabu ni zile zile tano, "ñ" ni ny, "ch" ni ch, na mkazo mara nyingi uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kinachohitaji mazoezi ya kweli ni r na l kwa wanafunzi ambao lugha zao za kwanza hazizitenganishi, kwani "pelo" ni nywele, "pero" ni lakini, na "perro" ni mbwa. Hilo lisikwepwe kwa kuona aibu ya kutaja lafudhi za watu.

Pamoja na hayo, Kiswahili pia kinapotosha, na mwalimu asiyejua mahali kinapopotosha atafanya madhara. Kihispania kina vitenzi viwili vya "kuwa", "ser" na "estar". Mwanzo wake ni rahisi kwetu: Ana ni daktari, "Ana es médica", Ana yuko nyumbani, "Ana está en casa". Lakini tukisema Ana ni mgonjwa, mwanafunzi ataandika "es enferma", na atakuwa amekosea, kwa sababu hali ya kuumwa inatumia "está". Afadhali afundishwe kupitia "anaumwa" na "amechoka". Zaidi ya hayo, mahali pa sherehe panatumia "ser", ingawa sisi tungesema sherehe iko nyumbani kwangu. Vibainishi "el" na "la" havina mfano kwetu. Jinsia ya nomino haimshangazi mtu aliyezoea upatanisho wa ngeli, ila lazima aijifunze neno kwa neno.

Najua pingamizi litakalotolewa: mwalimu bora huzungumza Kihispania pekee darasani, na baadhi ya wahadhiri wetu ni wageni wasiojua Kiswahili. Nakubali kwamba mazungumzo yawe ya Kihispania tangu siku ya kwanza. Ila maelezo ya sarufi yaliyomo kwenye vitini, na tafsiri inayopita kichwani mwa mwanafunzi saa nne za usiku akiwa bwenini, lazima yawe ya lugha fulani. Mhadhiri mgeni anaweza kusaidiwa na mkufunzi msaidizi wa hapa.

Muda nao unatubana. Shule ya lugha ya wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kati ya saa 600 na 750 za darasani ili msemaji wa Kiingereza afikie Kihispania cha kufanyia kazi. Kozi ya saa 3 kwa wiki, katika muhula wa wiki 15, inatoa saa 45. Mihula 6 ni saa 270. Kwa hesabu hiyo hatuwezi kumudu hata wiki moja ya kufundisha ugumu usiokuwepo.

Kwa hiyo ninaomba semina hii ikubali jambo moja kabla hatujaachana: tuandike pamoja kitini cha Kihispania cha mwaka wa kwanza kwa Kiswahili, chenye istilahi ambazo wanafunzi wamezikuta sekondari. Kila mwalimu alete makosa halisi aliyoyakusanya katika daftari za wanafunzi wake, yale yanayotokana na Kiingereza na yale yanayotokana na Kiswahili, tuyapange kabla ya muhula ujao kuanza. Mimi niko tayari kuanza na sura ya hali tegemezi, na anayetaka kushirikiana nami anione leo hii hii.