Kabla ya Kumkabidhi Mgonjwa Wako

Msikilizaji, ukimtafutia mgonjwa wa saratani huduma shufaa, yaani ya kumpunguzia maumivu na mateso, usitazame uzuri wa jengo. Uliza kwanza: morfini ya maji ipo? Kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi. Muuguzi makini hukupa pamoja nayo dawa ya kulainisha choo, maana morfini hufunga choo. Asiyegusia hilo, mtilie shaka.

Uliza pia nani atapokea simu saa 8 usiku mgonjwa akizidiwa. Halafu mwangalie muuguzi akifika nyumbani: anamuuliza mgonjwa mwenyewe anaumwa wapi, au anazungumza na ndugu tu? Hilo mimi nalipa uzito kuliko yote. Na mgonjwa akifariki, je, wahudumu hao watakuja kuwaona wafiwa baada ya mazishi?