Yamini ya Mwanamichezo



Katika Olympia ya kale, Mgiriki aliyetaka kushindana alisimama kwanza mbele ya sanamu ya Zeus wa Viapo, iliyoshika radi katika kila mkono, akala yamini juu ya vipande vya nyama ya nguruwe mwitu kwamba hatatenda hila, na kwamba amejizoeza kwa muda wa miezi 10 mfululizo. Wala hakuapa peke yake: baba yake, ndugu zake na mwalimu wake waliapa pamoja naye, na wale waliowapima wavulana kabla ya mashindano waliapa nao kwamba watahukumu kwa insafu pasipo kupokea rushwa. Aliyevunja ahadi hakuachwa. Eupolus wa Thessalia alipowahonga mabondia wenziwe mwaka 388 kabla ya Kristo, alitozwa faini pamoja na hao waliopokea, na kwa fedha hiyo zikasubiwa sanamu za shaba, zikasimamishwa kando ya njia iendayo uwanjani, ili kila apitaye azione na kutahadhari.

Zama zetu ziliifufua yamini hiyo, lakini ziliifufua nusu. Kwa maneno aliyoyatunga Pierre de Coubertin, mwasisi wa Michezo ya Olimpiki ya kisasa, Mbelgiji Victor Boin aliapa katika michezo hiyo mjini Antwerp mwaka 1920 kwa niaba ya wanamichezo wote. Mwamuzi hakuapishwa mpaka mwaka 1972, na mwalimu hakuapishwa mpaka London mwaka 2012. Kwa miaka 92, basi, tulimtwika kijana amana ambayo mkufunzi wake hakuapa kuichukua. Na hata ilipoongezwa ahadi ya kujiepusha na dawa zilizokatazwa, huko Sydney mwaka 2000, aliyeitamka alikuwa mwanamichezo, ilhali dawa hizo mara nyingi hupitia mikononi mwa wakubwa wake.

Mwaka ule ule wa 2012, mwezi wa Desemba, katika mbio za nyika za Burlada nchini Hispania, Abel Mutai wa Kenya, aliyekuwa ametwaa nishani ya shaba London, alipunguza mwendo akidhani amekwisha kumaliza, hali mstari ulikuwa bado mbele yake. Iván Fernández Anaya aliyemfuata angaliweza kumpita, na hapana kanuni ambayo ingalimzuia; lakini alibaki nyuma yake, akamwashiria aendelee, hata Mutai akamaliza wa kwanza. Mwalimu wa Anaya alikiri hadharani kwamba yeye angaliitumia nafasi ile ashinde. Hapo mwanafunzi alimpita mwalimu wake kwa muruwa, nasi tukaonyeshwa mpaka wa kiapo: chaweza kumzuia mtu asidhulumu, lakini ihsani isiyodaiwa na sheria hutoka katika malezi, na malezi yamo mikononi mwa wakubwa.

Kwa hiyo nawasihi ninyi mtakaoongoza shule, vyama na vilabu vyetu: msimwapishe mtoto kabla hamjaapa wenyewe. Na asimame kwanza mwamuzi, kisha mwalimu, kisha kiongozi ashikaye fedha, kila mmoja ale yamini kwa sauti mbele ya watoto hao, na akiivunja aadhibiwe mbele yao. Ndipo tutakapokuwa na haki ya kumdai kijana uaminifu.