Kliniki Kabla ya Mimba
Mazungumzo ya muuguzi kwa wakazi wa Kikopey, Gilgil



Wengi wetu huenda kliniki tumbo likishaonekana. Lakini mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, mara nyingi mama hajajua. Usipojifunga, mtoto huzaliwa na mgongo wazi.

Kwa hivyo, mkipanga kupata mtoto, mama aanze tembe za foliki, mikrogramu 400 kila siku, angalau mwezi mmoja kabla, aendelee hadi wiki ya 12. Unga wa pakiti unatakiwa kisheria kuongezwa foliki tangu 2012. Ule tunaosaga poshomili kwa kawaida hauongezwi.

Kikopey ni nyama choma, najua. Iive hadi ndani, na maziwa yachemshwe: ugonjwa wa brusela unaweza kuharibu mimba.

Mwenye kisukari, presha au kifafa asiache dawa. Amwone daktari kwanza. Baba, nawe njoo mpimwe kaswende na virusi vya Ukimwi pamoja.

Shamba hutayarishwa kabla ya mvua.